Baraza la Mawaziri Huanzia kwa Sheha

Mwezi Novemba 2010, Rais mpya wa Zanzibar, Dk. Ali Mohamed Shein, alitangaza mawaziri wake. Wizara ya Afya akampa Juma Duni Haji. Miaka kumi kabla ya hapo, Novemba 2000, Juma Duni alikuwa mmoja wa watu 18 wa Chama cha Wananchi, CUF, waliotoka rumande baada ya kushikiliwa kwa muda mrefu kwa kesi ya uhaini. Mwezi huohuo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar peke yake si dola. Na sasa mtu aliyeshitakiwa kwa kutaka kuiangusha serikali ile alikuwa akila kiapo cha kuitumikia, na kwa wadhifa wake akawa mjumbe wa Baraza la Mapinduzi.

Anayetaka kujua Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya CCM na CUF ilikuwa na maana gani kwa Wazanzibari aanzie hapo. Orodha ile ya mawaziri ilisomwa na kusikilizwa Unguja na Pemba jina kwa jina, na kila jina watu waliuliza kwanza ni wa chama gani, kisha kapewa wizara gani. Swali la tatu halikuulizwa sana siku zile, nalo ndilo lililokuja kuamua hatima ya mpango mzima: chini ya waziri huyu, mpaka mtaani, yuko nani?

Safari ya kufika kwenye orodha ile ilikuwa na damu ndani yake. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, Oktoba 1995, ulimpa ushindi Dk. Salmin Amour wa CCM kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, na CUF haikuyakubali matokeo. Muafaka wa kwanza, uliosimamiwa na Jumuiya ya Madola, ulitiwa saini Juni 1999 na haukutekelezwa. Baada ya uchaguzi wa 2000 yakaja maandamano ya Januari 2001, watu wakauawa kwa risasi, na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikatoa wakimbizi. Muafaka wa pili ulikuja Oktoba mwaka huohuo. Wa tatu ulikwama Butiama, Machi 2008, pale Halmashauri Kuu ya CCM iliposema suala la kugawana madaraka lipelekwe kwanza kwa wananchi kwa kura ya maoni.

Kilichofungua mlango ni mazungumzo ya watu wawili. Tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume alimpokea Maalim Seif Ikulu ya Zanzibar. Hapakuwa na msuluhishi kutoka nje. Januari 2010 Baraza la Wawakilishi likapitisha hoja ya kuunda serikali ya pamoja, iliyowasilishwa na Abubakar Khamis Bakary, aliyekuwa kiongozi wa upinzani barazani. Ikaundwa kamati ya watu sita, watatu CCM na watatu CUF, na tarehe 31 Julai wananchi wakapiga kura ya maoni. Asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Agosti, Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikafanyiwa marekebisho ya kumi.

Hapa Zanzibar ilifanya jambo ambalo majirani hawakulifanya. Kenya nao walikuwa na serikali ya nusu mkate tangu 2008, lakini ile ilizaliwa na mkataba wa kuzima moto baada ya uchaguzi, na muda wake ukaisha. Wazanzibari waliiandika serikali ya pamoja ndani ya katiba yao, wakiwa wameulizwa kwanza. Cheo cha Waziri Kiongozi kikafutwa. Badala yake wakawekwa makamu wawili wa Rais: wa Kwanza kutoka chama kilichoshika nafasi ya pili, wa Pili kutoka chama cha Rais mwenyewe. Mawaziri wagawanywe kwa uwiano wa viti vya majimbo ambavyo kila chama kimepata.

Katika uchaguzi wa Oktoba 2010 Dk. Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1. Tofauti haikufika kura elfu nne. Kwa hesabu za miaka ya nyuma, matokeo kama hayo yangetosha kujaza mitaa askari. Safari hii Maalim Seif aliyakubali matokeo. CCM ilikuwa na viti 28 vya majimbo na CUF 22, yaani majimbo yote 18 ya Pemba na manne ya Unguja. Mgao wa mawaziri ukafuata hesabu hiyo.

Ukiitazama orodha ya CUF ndani ya serikali ile, ilikuwa na watu wazito. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza, hakuwa mgeni wa madaraka: alikuwa Waziri Kiongozi kuanzia 1984 hadi alipoondolewa Januari 1988, akafukuzwa CCM mwaka huo, kisha akawekwa ndani tangu 1989 hadi 1991. Waziri wa Nchi katika ofisi yake alikuwa Fatma Abdulhabib Ferej. Abubakar Khamis Bakary, yule mwenye hoja ya Januari, alipewa Katiba na Sheria. Juma Duni, Afya. Hamad Masoud Hamad, Miundombinu na Mawasiliano. Nassor Ahmed Mazrui, Biashara, Viwanda na Masoko. Said Ali Mbarouk, Mifugo na Uvuvi. Haji Faki Shaali akawa waziri asiye na wizara maalumu.

Upande wa CCM, Balozi Seif Ali Iddi alikuwa Makamu wa Pili na kiongozi wa shughuli za serikali barazani. Fedha, Uchumi na Mipango ya Maendeleo ilibaki Ofisi ya Rais chini ya Omar Yussuf Mzee, na Utumishi wa Umma na Utawala Bora ikawa kwa Haji Omar Kheri. Ramadhan Abdalla Shaaban alichukua Elimu, Ali Juma Shamuhuna Ardhi, Makaazi, Maji na Nishati, na Mansour Yussuf Himid Kilimo na Maliasili.

Soma orodha hizo mbili kwa jicho la mtu anayejua serikali inavyokwenda. Kwa CUF ziliangukia wizara ambazo mwananchi huzigonga mlango kila siku akiwa na shida: hospitali haina dawa, meli imechelewa, mchele umepanda, boti ya uvuvi haina leseni. Kwa CCM zilibaki zile zinazotoa fedha, zinazoajiri, na zinazogawa ardhi. Tawala za mikoa, na vikosi vya Serikali ya Mapinduzi kama KMKM na JKU, vilibaki chini ya Ofisi ya Rais. Sisemi kwamba Katiba ilivunjwa. Katiba ilitaja uwiano wa idadi, haikutaja uzito. Waziri wa Afya na Waziri wa Fedha kila mmoja ni mmoja katika hesabu, lakini mmoja huandika barua ya kuomba fungu na mwingine ndiye anayeamua fungu litoke lini.

Pamoja na hayo, serikali ile ilifanya kazi, na ni haki kulisema hilo waziwazi kwa sababu siku hizi wengi wanalipuuza. Katika wizara kadhaa waziri na naibu wake walitoka vyama tofauti: Afya chini ya Juma Duni ilikuwa na naibu wa CCM, Dk. Sira Ubwa Mwamboya; Elimu chini ya waziri wa CCM ilikuwa na naibu wa CUF, Zahra Ali Hamad. Watu ambao miaka michache nyuma hawakuzikana wala hawakuhudhuria harusi za wenzao sasa walikaa ofisi moja, wakipitisha majalada kutoka meza hii kwenda ile. Barazani hapakuwa tena na kambi rasmi ya upinzani, na wapo waliohofia kwamba serikali itakosa wa kuikosoa. Ikawa kinyume. Wawakilishi wa viti vya nyuma, wa CCM na wa CUF, walianza kuwahoji mawaziri wa vyama vyote viwili, tena kwa ukali, kwa sababu hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumlinda waziri wa upande wa pili.

Mfano ulio karibu na tumbo la Mpemba ni karafuu. Karafuu ni zao la serikali: mkulima anatakiwa kuliuza kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kwa miaka mingi bei ya shirika ilikuwa ndogo mno hata usiku majahazi yakawa yanavuka na magunia kwenda Kenya. Mchumaji analipwa kwa pishi, karafuu zinachambuliwa makonyo, zinaanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa, mvua ikitokea familia nzima inakimbilia kuzianua. Halafu mwenye shamba apeleke kituoni apewe bei isiyorudisha hata gharama za uchumaji. Msimu wa 2011 serikali ya Dk. Shein ilitangaza kwamba mkulima atapata asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na bei ikapanda kwa kiwango ambacho wengi walikuwa hawajakiona maishani. ZSTC ilikuwa chini ya wizara ya Mazrui. Kwa hiyo waziri wa CUF ndiye aliyesimama mbele ya wapiga kura wa CUF kuwaambia waache magendo na wauze kwa serikali, na Rais wa CCM ndiye aliyeweka bei iliyofanya maneno hayo yasikike. Hapo kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho. Serikali ya pamoja ilikusudiwa iwe hivyo.

Halafu kuna habari ya meli. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama kwenye mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Julai 2012 MV Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja. Mamia ya watu walikufa katika misiba hiyo miwili, na hakuna mtaa wa Pemba usiokuwa na mtu wake. Baada ya Skagit, Hamad Masoud Hamad alijiuzulu uwaziri. Kujiuzulu kwa waziri ni jambo la nadra katika siasa zetu, na nitalisifu kila nikipata nafasi. Nafasi yake ilichukuliwa na Rashid Seif Suleiman, wa CUF vilevile. Kiti kilikuwa cha mgao, kwa hiyo mtu akiondoka kiti kinabaki kwa chama chake. Rais hakukitumia kifo cha watu kupunguza fungu la mwenzake.

Lakini umoja ule uliishia wapi? Uliishia kwenye makatibu wakuu. Hao huteuliwa na Rais, na wao ndio maofisa masuuli: fedha za wizara hutoka kwa saini zao. Wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya hawakuingizwa kwenye mgao. Na chini kabisa, ambako serikali inakutana na mtu akiwa na kanzu ya nyumbani na ndara miguuni, yuko sheha.

Kwa msomaji wa Bara au wa Kenya asiyemjua: sheha ni kiongozi wa serikali katika shehia, eneo dogo kuliko yote ya utawala wa Zanzibar. Hachaguliwi, huteuliwa na mkuu wa mkoa. Anawajua watu wake kwa majina. Mtu akitaka kuthibitishiwa kwamba ni mkaazi wa pale, aende kwa sheha. Akitaka kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kilichoanzishwa na sheria ya 2005, apitie kwa sheha. Akitaka kuandikishwa kupiga kura, ni lazima awe na kitambulisho hicho na awe ameishi katika jimbo kwa miezi 36. Na siku ya uandikishaji sheha yupo kituoni, na neno lake kwamba fulani si mkaazi wa hapa lina uzito.

Fikiria mvuvi wa Wete anayekwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao. Msimu mmoja yuko Kojani, mwingine yuko Unguja, mwingine amevuka Mombasa. Anaporudi nyumbani alikozaliwa anaambiwa hana miezi yake. Au kijana aliyekwenda Darajani, mjini Unguja, kuuza nguo: kule mjini si mkaazi, na kwao Chake amehesabiwa kuwa amehama. Anakwenda nyumbani kwa sheha asubuhi, anaambiwa sheha katoka. Anarudi jioni, anaambiwa fomu zimekwisha. Wiki inayofuata anaambiwa alete mashahidi. Hakuna aliyemwambia hapana, na kitambulisho hakipati. Mwaka 2009 malalamiko ya namna hii yalifika mahali uandikishaji Pemba ukasimamishwa kwa muda.

Sasa unganisha. Uwiano wa mawaziri hutokana na viti vya majimbo. Viti hutokana na kura. Kura hutokana na daftari, daftari na kitambulisho, kitambulisho na sheha. Marekebisho ya kumi yaligawa upya vyeo vya juu kabisa vya serikali na hayakugusa mahali ambapo hesabu ya vyeo hivyo inaanzia. Wale waliokaa kuandika mpango ule walikuwa na haraka ya haki, kwa sababu uchaguzi ulikuwa mlangoni, na naamini waliona kwamba ukishapatikana umoja wa juu, wa chini utafuata wenyewe. Haukufuata. Anayemteua sheha alibaki yuleyule, na sheha akaendelea kumsikiliza anayemteua.

Mambo yalianza kulegea kutoka juu pia. Mansour Himid, mmoja wa watu sita wa kamati ile, alipoteza uwaziri mwaka 2012, na Agosti 2013 CCM ikamvua uanachama. Othman Masoud Othman, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, aliondolewa Oktoba 2014 baada ya kupiga kura ya kukataa baadhi ya ibara katika Bunge Maalumu la Katiba kule Dodoma. Agosti 2015 Juma Duni alihamia Chadema akawa mgombea mwenza wa Edward Lowassa katika urais wa Tanzania. Kisha tarehe 28 Oktoba 2015, siku tatu baada ya watu kupiga kura, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta uchaguzi wote wa Zanzibar.

Uchaguzi wa marudio ulifanyika Machi 2016 bila CUF, na Dk. Shein akapata asilimia 91.4. Hapo Katiba ikaonyesha kitu ambacho wengi hawakukizingatia: chama cha pili, ili kitoe Makamu wa Kwanza, lazima mgombea wake awe na walau asilimia 10 ya kura za Rais. Hakuna aliyefika. Kiti kikakaa kitupu karibu miaka mitano. Rais aliwachukua viongozi wa vyama vidogo serikalini, akiwemo Hamad Rashid Mohamed wa ADC aliyepewa Kilimo, lakini hao waliingia kwa hisani ya Rais. Waziri wa mgao anaweza kugoma na chama chake kikamsimamia. Aliyeingia kwa hisani akigoma, anakwenda nyumbani.

Oktoba 2020 Dk. Hussein Ali Mwinyi alitangazwa mshindi kwa asilimia 76.27, na Maalim Seif, sasa akiwa ACT-Wazalendo, akapewa 19.87. CCM ilitangazwa kushinda hata majimbo mengi ya Pemba. ACT iliyakataa matokeo. Rais akaunda baraza lake akaacha wizara mbili wazi. Baada ya wiki za majadiliano mazito ndani ya chama, Desemba ACT ikaamua kuingia, na Maalim Seif akaapishwa tena Makamu wa Kwanza. Mazrui akapewa Afya, na Omar Said Shaaban Biashara na Maendeleo ya Viwanda. Kutoka orodha ile ndefu ya 2010 hadi mawaziri wawili. Februari 2021 Maalim Seif akafariki Muhimbili, na nafasi yake ikachukuliwa na Othman Masoud, yuleyule aliyeondolewa uanasheria mkuu.

Nimewasikia watu wakisema ACT ilikosea kuingia, kwamba wizara mbili ni chambo. Sikubaliani nao. Wizara ya Afya ni wizara ya Afya. Mama mjamzito wa Micheweni hajali aliyeleta dawa kaingia kwa asilimia ngapi. Maalim Seif aliingia akijua fungu ni dogo, kwa sababu alikumbuka Januari 2001 kuliko wengi wetu. Ninachokataa ni kuliita fungu lile uwiano. Uwiano wa kitu gani, ikiwa upande mmoja hauamini hesabu yenyewe? Mgao wa 2010 ulikubalika kwa sababu kila upande uliiamini ile 28 kwa 22. Pale ambapo namba haiaminiki, wizara mbili huonekana kwa anayetoa kuwa ni ukarimu, na kwa anayepokea kuwa ni kidogo cha mali yake mwenyewe kilichorudishwa. Watu wawili wenye mawazo hayo hukaa kikao kimoja kila wiki, wakasoma waraka mmoja, na wasielewane.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, Dk. Mwinyi alitangazwa mshindi tena na Othman Masoud akashika nafasi ya pili kwa zaidi ya asilimia 20, juu ya kizingiti cha Katiba. ACT iliyakataa matokeo, na mjadala wa serikali ya pamoja ukarudi palepale: wizara ngapi, zipi, na nani.

Wakikaa tena wazee wa pande mbili kama walivyokaa mwaka 2009, ningewaomba waanze na karatasi tofauti na ile ya orodha ya wizara. Waanze na shehia. Sheha achaguliwe na watu wa shehia yake kwa kura ya siri, au, hilo likishindikana, ateuliwe na chombo ambacho vyama vyote vina mtu ndani yake. Kitambulisho kiwe na muda maalumu wa kutolewa, na anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi ili aweze kuipeleka mahakamani. Makatibu wakuu waombe kazi kwa Tume ya Utumishi na washindanishwe kwa sifa. Wizara wazijadili mwisho kabisa, baada ya hayo kupita barazani na kuwa sheria.